Rangi kwenye Nati

Gari la mjomba lilikuwa la zamani, lakini si la kutupwa; lilikuwa na heshima zake. Mzee alipokwenda kufanya kazi mbali, aliliacha gereji kwa mkwewe, mume wa mpwa aliyemlea tangu akitambaa. Jana alirudi, akaliwasha mara moja tu, akalizima. "Injini hii imechezewa," akasema.

Zogo likazuka! Mume akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mpwa akamkingia kifua: "Mjomba, haki ya Mungu, hajaigusa." Alisema hivyo kwa kuwa aliamini, maskini, na kwa kuwa hakutaka kuchagua kati ya mume na mtu aliyemlea. Nani angetaka?

Ikabidi aitwe mtu wa pembeni, Fundi Miwani, asiye na undugu na yeyote pale na ulimi wake hauna breki. Akafungua boneti, akafuta grisi kwa tambara, akasoma namba iliyogongwa kwenye bloki ya injini. Ni ileile. Kabureta nayo ileile. Mpwa akashusha pumzi, na mumewe akaanza kutabasamu.

"Si niliwaambia?"

"Subiri, bwana," fundi akamkata. "Haraka ya nini, unaoa leo?"

Mjomba alikuwa na mtindo wake. Kila nati aliyoikaza aliipaka tone la rangi nyekundu iliyobaki alipopaka geti, nusu kwenye nati na nusu kwenye chuma, ili mtu akiifungua mstari ukatike. Fundi akamulika kichwa cha injini. Matone yote yapo, mistari imenyooka. Imenyooka mno. Akakwangua tone moja, likabanduka lote kama ganda. Chini yake nati ilikuwa inang'aa, ina alama mbichi za spana.

"Hii si rangi ya geti," akasema. "Hii ni rangi ya kucha."

Macho yote yakaenda kwenye vidole vya mpwa. Loo! Wekundu uleule. Akaificha mikono mgongoni kama mtoto aliyedokoa sukari, na hapohapo akajua amekosea kuificha.

"Kichwa changu kiko wapi?" mjomba akauliza.

Mume akainama. "Kwenye pikapu ya mke wangu, anayosambazia mikate. Cha kwake kilipasuka, mikate ikawa haifiki madukani, ndipo nikavibadilisha. Lakini yeye sikumwambia, mjomba. Hajui kitu."

Kweli tupu, ila imetoka katika kinywa kilekile kilichokuwa kikidanganya tangu asubuhi. Mpwa naye, si ndiye aliyekuwa akimpigia mjomba simu kumsifu mumewe kwamba kaifufua pikapu? Akasema, "Mjomba, sikujua," na hata masikioni mwake ikasikika kama uongo.

Mzee hakufoka. Heri angefoka. Alifunga boneti taratibu, akajipangusa mikono, wala hakumtupia mkwewe hata jicho. Alimtazama mpwa.

"Ungeniomba tu, mwanangu," akasema. "Ningekupa."