Herufi za Shangazi

Shangazi na mimi tuliuza dawa katika duka moja, yeye zamu ya asubuhi, mimi ya mchana. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha ufamasia, akanifundisha na kuhesabu vidonge kwa kisu cha plastiki bila kuvigusa. Kompyuta ilikuwa moja. Maagizo ya madaktari yalitufikia kwa mtandao, tukiyasoma kwenye kivinjari.

Kila nikiingia saa nane nilikuta herufi zimevimba kama za bango la barabarani. Jina la mgonjwa peke yake lilijaza mstari. Dawa yake mpaka ushuke chini kuitafuta. Tena ukurasa umegeuzwa mweusi, maandishi meupe. Nilikuwa naingia kwenye mipangilio, narudisha kila kitu kilivyokuwa siku tuliyoinunua kompyuta, ndipo naanza kazi. Kesho yake, yale yale.

"Shangazi, hizi herufi unazikuza za nini?"

"Kila mtu na apendavyo," alinijibu huku akifunga kibegi chake. "Wewe chai yako vijiko vinne vya sukari. Nimewahi kukuuliza?"

Nilicheka, lakini kero ni kero. Mwanzoni zilikuwa asilimia mia na hamsini, baadaye mia mbili, kisha mia mbili na hamsini. Niliziona tarakimu zikipanda, nami nikadhani ni ukaidi wa mtu mzima. Basi Jumatatu moja nikaamuru kivinjari kisikumbuke mabadiliko yoyote: kila agizo jipya likifunguliwa, herufi zirudi kwenye mipangilio ya awali. Sikumwambia.

Jumanne asubuhi foleni ilifika mlangoni. Shangazi akafungua kompyuta, akazikuza herufi kama kila asubuhi, lakini kila agizo jipya likifunguka zilisinyaa tena kama sisimizi kwenye ukuta. Aliona haya kuhangaika na mipangilio mbele ya watu, akainamia skrini akahudumia hivyo hivyo. Mteja wa nne alikuwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mgonjwa wa moyo. Daktari alikuwa ameandika miligramu sita nukta ishirini na tano. Shangazi akampa za ishirini na tano.

Siku ya tatu fundi alianguka kwenye benchi lake, nyundo mkononi. Mkewe aliniletea boksi la dawa mchana huo. Nililinganisha na maagizo mara tatu, nikafunga duka.

Nilimkuta Shangazi nyumbani, anakunja nguo.

"Ile sita hukuiona?"

Hakuuliza sita ipi. Habari ilikuwa imeshamfikia. "Sikuiona."

"Tangu lini huoni?"

"Mwaka wa pili huu. Presha ya macho. Pembeni kote ni ukungu." Alilaza shati juu ya mengine, akalinyoosha kola. "Ningekuambia, ungenitoa kaunta."

"Ningekutoa."

"Basi." Akachukua nguo nyingine. "Lakini herufi zangu zingekuwepo, ningeiona."

Mpaka leo, nikimlaumu yeye, nakumbuka mkono wangu kwenye mipangilio. Nikijilaumu mimi, namkumbuka amekaa miaka miwili akiwapa watu dawa kwa kubahatisha.

Niliandika taarifa kwa baraza la wafamasia, nikaeleza yote mawili. Nilimsomea, akasikiliza hadi mwisho, akaweka sahihi pale nilipomwekea kidole. Leseni yake ikasimamishwa. Mimi nikapewa onyo la maandishi. Fundi alilazwa siku nne, akatoka amekonda, anatembea kwa kushika kuta. Nilimwendea, nikamwambia dukani kwetu kulitokea kosa. Sikusema la nani.

Kwa wiki tatu Shangazi hakunipa neno zaidi ya salamu. Halafu Jumamosi moja akasema, "Nipeleke kwa fundi."

Tulipofika kwenye mtaro wa maji machafu alinishika kiwiko. Hakuwa amewahi kunishika hivyo. Maisha yote mimi ndiye niliyemshika yeye. Fundi alikuwa anapiga soli. Akatuona, akavuta kigoda.

"Karibu, mama. Keti."

Shangazi hakuketi. "Mimi ndiye niliyekupa dawa ile," alisema. "Macho yangu hayakuwa yanaona. Na nilijua kwamba hayaoni."

Fundi alikigeuza kiatu mkononi, akautazama upande mmoja, akautazama wa pili.

"Mke wangu alishaanza kuwapigia simu ndugu waje," alisema.

"Najua."

"Watoto wangu bado wadogo, mama."

"Najua, baba."

Hakusema amemsamehe, wala hakutufukuza. Alirudi kwenye soli yake akaipiga misumari miwili, polepole, akipumzika katikati. Tulisimama pale juani mpaka aliposema tena, bila kuinua kichwa, "Keti." Safari hii Shangazi alikipapasa kigoda, akaketi.