Kadi ya Njano ya Angetile

Jumanne ya tarehe kumi na mbili Aprili mwaka 1994, saa nane kasoro robo mchana, Anyosisye alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni akichambua usipa, dagaa wa ziwani, katika ungo, akiondoa mchanga na vijiti, mto Songwe ulipohama. Ulitoka katika njia yake ya zamani nyuma ya choo, ukazunguka nyumba kwa upande wa migomba, ukapita katikati ya jiko na kaburi la baba mkwe wake, ukatulia hapo. Haukumwaga maji uani. Kuku mmoja alilowa miguu. Anyosisye aliusogeza ungo ndani kidogo akaendelea na usipa wake, maana binti yake Angetile, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameshaanza kulilia chakula mgongoni.

Mito ya Kyela huhama, na Songwe, unaotenganisha Tanzania na Malawi, ni sugu kuliko yote. Kule ulikotoka ulibaki mtaro wa tope na kambale wakirukaruka, na watu wa upande wa Malawi walikuja na ndoo wakawaokota, wakamsalimia Anyosisye kama mwenzao. Mama mkwe wake, Bibi Maria, alitoka ndani akalitazama kaburi la mumewe, ambalo sasa lilikuwa ng'ambo pamoja na shamba lote la mpunga.

"Amebaki na mpunga," alisema. "Atauangalia."

Anyosisye hakulitazama kaburi. Mkamwana hamkodolei macho baba mkwe, awe hai au amekufa, na hakuona sababu ya mto kubadilisha adabu hiyo. Jioni mumewe, Anyitike, alirudi kutoka kuwinga ndege shambani akakuta maji mahali alipopaacha pakavu. Aliita, jirani akamvusha kwa mtumbwi, akala ndizi kwa usipa, akasifu chumvi.

Siku ya tatu alikuja Bwana Afya. Aliitwa Wenceslaus, mtu mpole wa soksi ndefu, aliyehamishiwa huko kutoka mkoa wa mbali, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alikuwa na kisanduku cha barafu, daftari, muhuri na bunda la kadi za njano. Alikaribishwa kiti, akanywa maji, akaandika majina ya watu wa nyumba ile, wote wanne.

"Poleni na safari," alisema.

"Safari gani, Bwana Afya?" Anyitike aliuliza.

"Tangu Jumanne mmehamia nje ya nchi. Anayehamia nje ya nchi anatakiwa achanjwe homa ya manjano siku kumi kabla. Ninyi mmehama bila chanjo."

"Sisi hatukuhama, tata. Uliohama ni mto."

"Mto haumo kwenye sheria," Bwana Afya alisema kwa upole. "Waliomo ni watu."

Akaeleza. Kadi ilikuwa shilingi elfu tatu kwa kila kichwa, anayenyonya na asiye na meno vilevile. Asiye na kadi asingevuka kwenda shambani, wala gulioni Ipinda, wala zahanati, wala kaburini. Zamani serikali ilikuwa ikitoa vitu hivi bure, alisema, lakini siku hizi ni kuchangia, na mtu huchangia pale anapohitaji.

Hapo ndipo waliposhtuka. Mto haukuwashtua, lakini elfu kumi na mbili ziliwashtua. Bibi Maria alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Anyitike alisimama, akakaa, akasimama tena. Katika nyumba ile hazikuwahi kulala elfu kumi na mbili kwa pamoja hata siku moja, hata siku ya mahari.

Kukwepa hakukuwezekana. Mto ulipohama ulihama na mamba wake, kwa hiyo kuogelea lilikuwa jambo la kujiua. Mtumbwi ulikuwa mmoja, na Bwana Afya alichukua kasia lake akaliweka katika kibanda alichojengewa kwa mabua ukingoni, karibu na kamba aliyoifunga kuziba njia. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva. Ndege walikuwa wakishuka shambani makundi kwa makundi, na Anyitike alikuwa akiwatazama kutoka Malawi.

Mwishowe alikuja Mama Habiba, mfanyabiashara kutoka Kyela mjini, akasimama ukingo wa pili na mwavuli wake, akanunua nusu ya mpunga ukiwa bado umesimama.

"Bei yangu inasikitisha, naijua," alisema kwa sauti ya kuvuka maji. "Na mimi nina watoto, mwanangu. Allah atawafungulia."

Kwa hiyo Jumatatu Bwana Afya alirudi. Anyosisye alikuwa amemwogesha Angetile, akampaka mafuta, akamkunja mkono wa gauni. Mkono wa kulia ulikuwa na kovu la chanjo ya kifua kikuu, aliyopewa alipozaliwa, basi akatoa wa kushoto. Bwana Afya alifungua kisanduku cha barafu. Ndani mlikuwa na soda mbili na nusu mkate.

"Sindano iko wapi?" Anyosisye aliuliza.

"Dawa haijafika tangu mwaka jana," Bwana Afya alisema. "Kadi zimefika."

Aliandika jina la mtoto, akapuliza muhuri, akagonga. Kovu dogo la mviringo likajitokeza kwenye bega la kushoto la Angetile, limeshapona, halina hata usaha. Mtoto hakulia. Akagonga ya Bibi Maria, na bibi akajipapasa bega chini ya kanga akasema lake limekaa vizuri. Akagonga za Anyosisye na Anyitike. Kila kadi, alisema, ingeanza kazi baada ya siku kumi, tarehe ishirini na nane, kisha ingekuwa halali kwa miaka kumi.

"Na ndege?" Anyitike aliuliza. "Ndege nao watangoja siku kumi?"

Kwa elfu moja zaidi, Bwana Afya alisema, tarehe inarudishwa nyuma. Walikuwa na elfu moja ya mwisho, wakairudisha ya Anyitike peke yake. Bwana Afya alikata tarehe kwa mstari ulionyooka, akaandika nyingine, na kovu la Anyitike likapauka palepale, likawa la siku kumi zilizopita. Mchana huohuo alivuka kuwinga ndege.

Jumamosi Angetile aliamka na homa. Macho yalikuwa mekundu, pua inachuruzika, na kikohozi kilikuwa kikavu. Nyumba tatu upande huo zilikuwa na watoto wa namna hiyo, na upande wa pili walikuwa wengi zaidi, hivyo hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani. Jumanne vipele vilianzia nyuma ya masikio vikashuka hadi tumboni. Anyosisye alimbeba mtoto mpaka kwenye kamba.

"Zahanati," alisema.

Bwana Afya alizisoma kadi zote mbili, ya mama na ya mtoto. "Bado siku mbili," alisema.

Anyosisye alikuwa na siku nne za kuwaza, na alikuwa ameshafikia mwisho wa mawazo yake. Alimketisha Angetile kwenye meza ya kibanda, juu ya daftari.

"Bwana Afya, ulipogonga, kovu lilikuja lenyewe. Ulipoandika tarehe ya nyuma, likarudi nyuma. Mimi niliona. Sasa mwandikie huyu surua. Kisha urudishe tarehe mpaka mwaka jana mwezi wa saba, alipotimiza miezi tisa. Nitakulipa mpunga wote uliobaki."

Bwana Afya hakukasirika. Alifikiri kwa muda mrefu, kalamu mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kwa dhati.

"Inawezekana," alisema hatimaye. "Ila kadi yake sina. Kitabu changu kina ugonjwa mmoja tu, ule wanaouulizia huko mtu anakokwenda. Surua hakuna nchi inayoiulizia. Hiyo ni ya wanaobaki."

"Si ulisema sisi tumehama?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana mna kadi."

Anyosisye alishtuka mpaka akasahau kulia. Alisimama mdomo wazi, akimtazama yule mtu wa soksi ndefu aliyekuwa na uwezo wa kumponya mwanawe akakosa karatasi. Kisha akafungua kitenge chake kipya cha Krismasi, akabaki na kanga ya ndani, akakiweka mezani. Bwana Afya alikubali kuwa kinatosha kurudisha siku mbili kwa watu wawili. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakitia kwenye kisanduku cha barafu, akalegeza kamba.

Nesi Odilia wa zahanati alimjua Angetile kwa jina, maana mwaka uliopita alikuwa amemrudisha nyumbani bila chanjo mara tatu. Friji ya zahanati ilitumia mafuta ya taa. Mafuta ya taa yalisubiri michango ya wananchi, nao wananchi walisubiri mavuno. Alimsikiliza mtoto kifuani, akamfungua mdomo, akaweka kando kipimo chake. Kisha akaliona kovu la bega la kushoto, akauliza, na Anyosisye akamweleza habari yote ya muhuri.

Odilia hakuuliza mara mbili. Alifunga mlango, akachukua kadi ya kliniki ya mtoto, akaandika: Surua, 14 Julai 1993. Akatia sahihi. Akachukua muhuri wa zahanati akagonga, kadi ikabaki nyeupe. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka tangu Februari.

Alikitemea mate akagonga tena. Akaleta jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda, akadondoshea matone matatu, akagonga kwa nguvu zake zote. Nusu ya muhuri ikatokea. Kwenye paja la Angetile ikainuka nukta ndogo kama punje ya mtama, mtoto akafumbua macho na kuomba maji kwa sauti iliyo wazi kabisa. Kisha jivii ikanywewa na karatasi, maandishi yakafifia, na nukta ikalala. Odilia alidondoshea tena. Kila mara nukta iliinuka na kila mara ililala, mpaka chupa ikaisha, na wanawake wote wawili walikuwa na vidole vya zambarau.

"Ndaga, nesi," Anyosisye alisema, akimfunga mtoto mgongoni.

"Usinishukuru," Odilia alisema. Alikuwa analia waziwazi. "Usinishukuru, mama. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi hii, na nimeshindwa na wino."

Zahanati haikuwa na kitanda kilichobaki, wakarudi ng'ambo. Angetile alikufa Jumapili, wakati Wamoraviani wakitoka ibadani na nyimbo zao zikisikika mpaka mtoni.

Kaburi lilichimbwa kando ya babu yake. Jeneza lilikuwa dogo, Anyitike na jirani mmoja walilibeba bila shida. Pale kwenye kamba Bwana Afya alivua kofia, akalishika kasia mwenyewe, na hakudai chochote. Alikagua kadi za waliokuwa hai.

"Ya marehemu nimeshaiona," alisema.

Anyitike alitaka kumpiga. Kila mtu aliliona hilo, hata Bwana Afya, aliyekubali kwa kichwa kana kwamba anaelewa. Lakini mtu hawezi kupiga akiwa ameshika jeneza la mwanawe, kwa hiyo walivuka.

Mwezi Juni, mpunga uliobaki ukiwa umeshavunwa, mto ulirudi. Ilikuwa mchana tena, Anyosisye anapepeta uani. Ulikusanya maji yake kutoka kati ya jiko na makaburi, ukapita kwenye migomba, ukaingia nyuma ya choo kama mtu anayerudi kitandani. Mamba nao waliondoka. Wiki hiyo zahanati ilitangaza mchango mpya wa mafuta ya taa, na friji ilikuwa bado imefunguliwa mlango isinuke.

Siku ya tatu alikuja Bwana Afya, akakaribishwa kiti, akanywa maji. Kwa kuwa walikuwa wamehama tena kutoka nchi moja kwenda nyingine, ilimpasa kuwaandika upya, lakini wasiwe na wasiwasi, gharama hakuna. Bibi Maria alileta kadi zote kutoka chini ya godoro, akamwekea gotini. Akafungua daftari akaanza kuita.

"Anyitike."

"Nipo."

"Anyosisye."

"Nipo."

"Maria."

"Nipo, mwanangu."

"Angetile."

Anyitike alitazama chini. Bibi Maria alijifunika mdomo kwa kanga.

"Yupo," Anyosisye alisema.

Ilikuwa kweli. Alikuwa nyuma ya jiko, hatua kumi na mbili, kando ya babu yake, na hapakuwa na mto tena kati yake na mama yake. Bwana Afya alitazama upande ule, kisha akaitazama kadi ya njano, akaona iko sawa, halali mpaka Aprili 2004. Akaandika: yupo. Halafu akafungua kisanduku cha barafu, akatoa soda, akauliza kama kuna mtu mwenye kifungulio.