Pilau ya Waliofaulu

Moshi wa kuni mbichi ulimwingia Sabaha machoni. Akaapa kwamba leo, kama ni machozi, yatakuwa ya moshi tu. Nyuma ya madarasa, karibu na soko la Kariakoo, sufuria tatu za pilau, zote za kupikwa na yeye, zilikuwa zikichemka. Kila mzazi alileta kibaba chake cha mchele wa magendo, maana madukani mwaka ule hapakuwa na kitu ila yanga, ule unga wa njano wa msaada. Jamani, yanga asubuhi, yanga jioni, mpaka matumbo yakachoka.

"Tusikate tamaa, mama Sitara," alisema Mwalimu Nassibu, mkuu wa shule, huku akinusa viungo. "Hali ngumu, ndiyo. Lakini watoto wetu wanne wamechaguliwa kwenda sekondari. Lazima tusherehekee."

"Na wangu, Mwalimu?"

Swali hilo alikwisha kuliuliza mara nyingi. Sitara, bintiye, alikuwa wa kwanza tangu darasa la tano. Josepha, binti wa Kasmir, mwenyekiti wa kamati ya shule, alinakili hesabu kwake, hata na makosa. Aliyechaguliwa ni Josepha.

"Nafasi ni chache. Mambo haya yanapangwa juu."

"Juu wapi? Kasmir anakaa mtaa wa pili."

Mwalimu akashusha sauti. "Ulimi uliponza kichwa, mama. Wewe unakaanga mihogo pale sokoni. Msako wa Nguvu Kazi ukipita, wasio na kazi wanapandishwa malori kurudishwa vijijini. Nani atasema una kazi mjini kama si mwenyekiti? Pika. Sitara ataongoza ngonjera mbele ya wageni. Si heshima hiyo?"

"Sawa, Mwalimu."

Asiyemjua Sabaha angedhani amekubali.

Wapishi wa shughuli wa Kariakoo wana desturi yao: sufuria ina mwenyewe. Aliyeipika ndiye huifunua na kupakua, na mwingine akitia mkono ni ugomvi. Basi wakati wageni wamekaa darasani wakiwasikiliza Sitara na wenzake wakiimba sifa za elimu ya wote, Sabaha aliwaita nyuma watoto wa darasa la saba wasiochaguliwa.

"Kaeni. Kuleni mshibe."

Akazipakua sufuria zote tatu bila kupima. Alimchukia Kasmir kwa moyo mmoja, na kila upawa uliotoka ulimpa raha, kana kwamba anamzaba kofi. Watoto walikula mpaka wakalamba masinia.

Wageni walipotoka na kuketi mikekani, Sabaha alikwangua sufuria kwa kijiko cha chuma. Akaweka sahani mbele ya Kasmir.

"Hiki nini?"

"Ukoko, Mwenyekiti. Waliofaulu wameshakula."

Kasmir hakukasirika. Alitabasamu, akakunja mikono ya shati.

"Mama Sitara, kwenu ni wapi vile?"

"Lindi."

"Lindi kuna mashamba mazuri. Kijiji gani?"

Sabaha alikitaja, tena kwa sauti, na kichwa chake hakikuinama. Alikuwa amejiandaa kwa lori. Alimtaka Kasmir ahamaki, atukane, ale aibu yake mbele za watu. Bado kidogo tu, alijiambia.

Ndipo Sitara akapita katikati ya wageni na birika na beseni, sare imepigwa pasi. Akapiga magoti mbele ya Kasmir kama wasichana wa shule ile walivyofundishwa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, binti."

"Naomba umsamehe mama yangu."

Akamnawisha. Kasmir alisugua kidole kimoja kimoja, bila haraka, na yule mtoto alimsubiri na birika lake mpaka akaridhika. Sabaha aliomba birika lianguke. Halikuanguka.

Kasmir akavunja ukoko, akautafuna, akasifu kwamba umekolea. Kisha akamgeukia binti yake.

"Josepha, mpe na mwenzako kipande. Leo ni siku ya furaha."

Josepha akampa. Sitara akakipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante.