Penseli Nyekundu Haikupata Kazi

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa na penseli tatu, na hakuna aliyethubutu kumwazima hata moja. Ya kijani ilikuwa ya mfuatano: kwanza, kisha, baadaye, hatimaye. Ya bluu ilikuwa ya kulinganisha. Nyekundu ilikuwa ya sababu na matokeo: kwa sababu, ndiyo maana, kwa hiyo. Kila kifungu cha habari, aliwaambia watoto, kimepangwa kwa namna yake, na ukiyapigia mstari maneno hayo utaona kilivyopangwa. Miaka ishirini na mbili aliimba wimbo huohuo, hata walimu wenzake wakamtania kwamba akiletewa barua ya posa ataipigia mstari kwanza ndipo ajibu. Alikuwa akicheka nao. Siku hizi hacheki, na ngoja nikwambie kilichomkausha kicheko.

Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wao, alikuwa fundi katika kiwanda cha magodoro. Jumanne moja asubuhi msumeno wa kukatia sponji ulimkamata mkono wa shati, ukamvuta, na wenzake walipowahi kuuzima alikuwa ameshakwenda. Wakazika. Siku ya nne baada ya mazishi, karani wa kiwanda akaja nyumbani kwa mjane na karatasi mbili zinazofanana. Karani huyo hakuwa mgeni. Enzi zake alikaa dawati la mbele katika darasa la mwalimu huyuhuyu, na hakuna aliyemshinda kupanga habari. Akavua viatu mlangoni, akatoa pole, akasema hii ni taarifa ya ajali, familia isome, ikiridhika itie saini.

Mjane shule aliiacha mapema, kusoma kulimpa taabu. Akamsukumia karatasi wifi yake, mwalimu. Angemsukumia nani mwingine?

Mwalimu akasoma kwa sauti. Saa mbili asubuhi fundi aliingia zamu. Kisha aliwasha mashine. Saa nne na robo mashine ilisimama. Baadaye wenzake walifika. Hatimaye alipelekwa hospitali. Hakuna saa iliyorukwa, hakuna sentensi iliyokaa si mahali pake. Naye siku zote hizo alikuwa hajapata usingizi wa maana, kichwa kizito, machozi yako karibu, basi akashikilia kile alichokizoea. Akasema imepangika vizuri, mfuatano safi, haina kasoro. Na mkono nao, jamani, una mazoea yake: ulitoa mkobani kalamu nyekundu ya kusahihishia, ukaweka alama ya vema chini ya ukurasa, kama ukurasa wa daftari la mtoto. Karani akainamisha macho. Mjane akatia saini, na mwalimu akatia yake pale palipoandikwa "Msomaji". Karani akaondoka na karatasi ile, akaacha nakala mezani.

Wiki mbili zikapita. Mwalimu alikuwa darasani na kifungu kifupi ubaoni: Januari kisima kilichimbwa, kisha watu wakaanza kuchota, Machi pampu ikawekwa, hatimaye mwezi Mei kisima kikakauka. Watoto wakapaka kijani, upesi upesi, wakijua watasifiwa. Kulikuwa na msichana mmoja aliyebatizwa Mbona, kwa kuwa neno hilo halikumwisha mdomoni. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona hakisemi kwa nini kilikauka?"

Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba kifungu cha mfuatano hakilazimiki kutaja sababu, kazi yake ni kusema lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

"Basi aliyekiandika hajui," akasema Mbona, "au anajua na hataki kusema."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alisimama pale na chaki mkononi, na kwa muda hakuweza kukumbuka alikuwa anafundisha nini.

Kengele ya mapumziko ilipogonga alijifungia stoo ya vitabu. Nakala ya taarifa ilikuwa mkobani, hakuwa na moyo wa kuitoa tangu siku ile. Akaipigia mistari kama vile hajui imeandikwa juu ya nani. Kijani ilijaa ukurasa mzima, kuanzia juu hadi chini. Akachukua nyekundu, akarudi mwanzo, akatafuta neno kwa neno. Penseli nyekundu haikupata kazi. Kijana wa watu aliwasha mashine, mashine ikasimama, akapelekwa hospitali. Kwa nini? Hapakuwa na kwa nini.

Akaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akaenda moja kwa moja kwa wifi yake. Alimkuta anakunja mashati ya marehemu, yaleyale aliyoyakunja jana. Akamuuliza kama mdogo wake alikuwa na malalamiko yoyote kazini. Mjane akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na ndugu yake mwenyewe. Akasema wiki mbili nzima kabla ya ajali mume wake alikuwa halali vizuri, kila jioni ni hadithi moja: msimamizi ameamuru kinga ya chuma inayofunika msumeno itolewe ili sponji ikatwe haraka, na mafundi wanaogopa.

"Uliposoma, wifi, nilikuwa nasubiri pale pa kinga," alisema. "Sikupasikia. Ukasema haina kasoro, nikajua pamo, ni mimi tu sikuelewa lugha ya karatasi."

Mwalimu hakujua auweke wapi uso wake. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, na angeweza kuingia chini ya meza.

Kiwandani alipita mbele ya mlango mkubwa uliokuwa wazi. Msumeno ulikuwa unazunguka, mtupu, unang'aa, na fundi mwingine, mgeni kwake, ameuinamia na mikono mirefu ya shati. Akapita akiuma meno. Karani alikuwa peke yake ofisini, na alipomwona tu akasimama, kama zamani darasani.

Hakumficha kitu. Alisema msimamizi alimpa maelezo mdomoni na kumwonya asiguse habari ya kinga. Akayapanga kwa mfuatano, kama alivyofundishwa.

"Nilijua ukisoma wewe utaona palipokosekana," akasema. "Nilikuwa pale mkekani naomba uone."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliweka vema, Mwalimu. Nikadhani mmeamua yaishe."

Akafungua kabati, akatoa jalada. Alama ilikuwa pale, nyekundu, kubwa, haina wasiwasi. Mkaguzi wa usalama alikuwa amekuja wiki iliyopita, karani alisema, na msimamizi akamwonyesha karatasi hiyo: imesomwa na mwalimu, dada wa marehemu, tena ameisahihisha. Mkaguzi akaandika kwamba hakuna hoja, akaenda zake. Mwalimu akaomba aifute. Karani akarudisha jalada kabatini taratibu na kusema limeshafungwa, hana mamlaka hayo. Kabati akalifunga.

Jua lilikuwa linatua aliporudi kwa wifi yake. Mjane akauliza wamesemaje. Mwalimu akakaa kwenye mkeka, akaitandaza nakala juu ya goti, akatoa penseli nyekundu. Chini kabisa, kwenye nafasi iliyobaki, akaandika sentensi moja. Kisha akaisoma kwa sauti, polepole, kama anavyowasomea wanaoanza.

"Msumeno bado unazunguka bila kinga, kwa sababu mimi niliisifu karatasi hii."

Akapiga mstari chini ya kwa sababu. Mjane akalilaza shati la marehemu mapajani.

"Hiyo nimeielewa," akasema, akageuka akaendelea kukunja.