Royale ya Zamani

Nyumbani kwa muzee Zagabe ungeweza kuitukana serikali, ungeweza hata kulalamika kwamba sombe, mboga ya majani ya muhogo, ina mchanga. Lakini ole wako uite barabara iliyo mbele ya geti "Royale", jina lake la enzi ya Wabelgiji. "Hapa ni Avenue Lumumba," angesema, macho yamemtoka, na siku hiyo hata chai hupewi. Binti yake Virginie aliamini ni mapenzi ya nchi tu.

Sasa muzee alikuwa kitandani, mgonjwa wa mapafu, na Virginie hakuwa na mwingine duniani. Adhuhuri alitoka ofisini mbio kumpelekea dawa, mvua ikinyesha. Karibu na nyumbani kijana mmoja alimsimamisha. Alivaa koti la mtindo wa kale, na lilikuwa kavu kabisa.

"Samahani, maman. Royale iko wapi? Natafuta kwa Zagabe."

Virginie alicheka. Nani bado anasema hivyo, tena kijana?

"Njo hii, mutoto yangu. Royale ya zamani, njo Lumumba ya sasa. Portail ile ya bleu." Akamwonyesha geti la buluu.

"Aksanti. Nimezunguka sana. Kila mutu anasema ni Lumumba, ninarudi."

Akaenda zake. Virginie aliona ametenda wema, akapitia mkate.

Alimkuta babake ameketi kitandani, amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni.

"Nani ameonyesha Alphonse njia? Namusikia getini."

"Alphonse gani, papa?"

"Kaka yangu. Alikufa nikiwa mutoto. Aliniambia atarudi kunitwaa, nimungojee hapa Royale." Akakohoa. "Walipobadilisha jina, nilishukuru Mungu. Yeye hajui Lumumba."

Virginie alitaka kucheka, ikashindikana. Lile koti kavu lilimjia machoni. Alikimbia mpaka getini. Barabarani kulikuwa na pikipiki, matope na watu wenye miavuli, kijana hakuwepo. Aliona aibu, lakini woga uliishinda aibu, akapaza sauti.

"Samahani, nilikosea. Hapa si Royale. Hapa ni Lumumba."

Wapita njia waligeuka kumtazama mama mzima anayeongea na mvua.

"Aksanti, maman," sauti ya kijana ilisema nyuma yake, kutoka chumbani kwa babake. "Tumeshaonana."