Bangili Iliyovutwa na Sumaku

Mama yao alipofariki, bangili yake nyeupe, ambayo wote waliijua kuwa ya fedha, alimwachia kitindamimba. Dada mkubwa, aliyemuuguza Mama miezi minane, aliachiwa cherehani. Kila mdogo wake alipoinua mkono, roho ilimuuma.

Dada huyu alikuwa fundi wa kupaka vyuma nikeli. Kutwa alisimama mbele ya tangi la maji ya kijani ya moto, akitumbukiza mabomba ya bafuni yaliyofifia na kuyatoa yaking'aa, yasiyoshika kutu tena.

Siku moja mdogo wake alimjia karakanani, kifundo cha mkono kimejaa vipele vyekundu. Fundi alivitambua palepale; wenzake wawili waliacha kazi kwa sababu ya vipele kama hivyo. Akaiomba bangili, akampa mgongo kana kwamba anatafuta mwanga. Weupe wake ulikuwa na umanjano kwa mbali, kama vyuma vyake mwenyewe. Akaisogeza kwenye sumaku. Ikashika, ingawa si kwa pupa kama chuma. Fedha haivutwi na sumaku. Basi hii ilikuwa nikeli, na jasho lilikuwa likiimung'unya kidogo kidogo na kuipenyeza ngozini.

Kumbe alichonyimwa hakikuwa hata fedha. Alisikia raha ambayo ilimtisha mwenyewe. Akairudisha, akasema ni sabuni tu, abadilishe.

Mdogo akabadilisha sabuni mara tatu. Bangili hakuivua hata wakati wa kulala. Baada ya wiki tano mkono ulikuwa umechubuka na unatoa majimaji, hawezi hata kukamua nguo. Fundi alipouona, alikosa pa kuweka uso. Akamweleza yote, na sumaku akamwonyesha.

"Ulijua tangu lini, dada?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

"Na ukaniacha?"

"Nilikuonea wivu. Mimi ndiye niliyemwogesha Mama, wewe ndiye uliyepewa."

 Mdogo akaivua bangili, akaisukuma juu ya meza. "Wewe haikuwashi. Vaa."

Hakumsemesha kwa miezi miwili. Siku hizi wanatembeleana, mambo yametulia. Fundi anaivaa bangili hata kazini, na ngozi yake haina doa. Lakini mdogo wake amebaki na alama iliyozunguka kifundo, utadhani Mama bado amemshika hapo, na dada akiiona hugeuza macho.