Turubai la Mwalimu Zilpah

Mulki hakujua kuketi. Kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi alilizunguka bwawa la kuogelea la Haji Salah kama aliyepoteza pete majini. Mara ahesabu simu alizowapokonya wanawake langoni na kuzitia kapuni, mara ajaribu komeo, mara ainue macho kuutazama ukuta, asije mwanamume akachomoza juu yake. Saa hizo mbili za wanawake alizipigania yeye mwenyewe. Haji Salah, mwenye nyumba ya wageni, alikubali kwa sharti moja tu, kwamba asisikie malalamiko. Na Garissa, kwa malalamiko, haijambo.

Watu walidhani Mulki, kwa kuwa ni fundi cherehani, alilitaka bwawa ili auze yale mavazi ya kuogelea aliyoshona, ya mikono mirefu na kofia yake. Hata kidogo. Alitaka bintiye Ruqiya ajue kuogelea kabla ya mvua. Mwaka wa mafuriko, mto Tana ulipokata barabara ya Madogo, mama na binti walivuka kwa boti, na katikati ya maji boti ikalala upande. Haikupinduka. Lakini kwa muda ule mfupi Mulki alimkamata binti ukosi wa buibui, akajua wazi kwamba wakianguka, atakachoweza ni kuzama naye. Shule ya Ruqiya iko ng'ambo ya mto. Sasa redio ilikuwa imeanza tena kutaja mvua kubwa, na tangu ianze, Mulki hakulala usingizi wa maana.

Aliyefundisha kuogelea ni Mwalimu Zilpah, mtu wa bara, anayesomesha hesabu shule ya wasichana. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwili mpana, mapaja yaliyoshiba, na vazi moja la kijani la kuogelea lililozeeka pamoja naye. Akishaingia majini, uzito wote aliuacha nje. Alimlaza Ruqiya chali juu ya kiganja chake, akazungumza naye habari za mitihani, na kiganja kikaondoka bila binti kujua. Ruqiya ana miaka kumi na sita na umbo la shangazi zake, nyonga inchi arobaini na sita. Mamake ndiye aliyempima. Wiki ya sita alikwisha kuogelea upande wote wa maji mafupi. Kilibaki kina kirefu.

Sheria ya mle ndani ilijulikana, kwamba mwanamke mbele ya wanawake wenzake hufunika kuanzia kitovu hadi goti. Ilijulikana, lakini ilikuwa imelala. Sahara, bi harusi wa juzi, mwembamba wa kupita tundu la sindano, alikuja na vipande viwili vidogo alivyonunua Eastleigh. Kitovu nje, mapaja nje. Wanawake wakapiga vigelegele. Mulki alisema mashallah, akamshikia taulo lake lisilowe.

Zilpah alipopanda ngazi kutoka majini na vazi lake la kijani, hakuna aliyepiga kigelegele. Ardo, jirani yake Mulki, mwanamke asiyepitwa na jambo, alikunja uso. Alisema kwa Kisomali, kwa sauti ya kawaida, maana walizoea kwamba mtu wa bara hasikii Kisomali.

"Mulki, abaayo, dada yangu, mfunike huyu mwalimu. Kwa umri ule, na mapaja yale? Haji Salah akisikia tutafungiwa."

Hapo Mulki angeweza kusema, sheria ni ya wote, tumwambie na Sahara. Lakini Ardo ana mdomo, na Mulki aliogopa kupoteza bwawa. Badala yake akatafuta kicheko.

"Nitamshonea," alisema, "ila kitambaa cha dukani hakitoshi. Huyu atahitaji turubai la lori."

Wakacheka wote, Sahara mpaka akajishika mbavu. Karibu na bomba Ruqiya alikuwa akisuuza miguu. Hakucheka. Mulki alimwona, lakini maneno yalikwisha kutoka.

Alishona wiki nzima. Jumamosi iliyofuata alimpa Zilpah kifurushi langoni, kitambaa cha samawati, mikono hadi viganjani, suruali hadi vifundoni. Zilpah alilifungua lile vazi, akalipima kwa mikono yake miwili.

"Umenipima kwa macho tu na limenienea. Wewe ni fundi," alisema. "Na Sahara umemshonea?"

Mulki alihesabu simu kapuni.

"Mwalimu, usichukie. Ni hii watu inasema sana. Mimi nachunga tu hii saa yetu."

Zilpah alilikunja vazi vizuri, akamrudishia. Kisha akasema kwa Kisomali safi, cha Modogashe, alikofundisha miaka sita kabla ya kuhamishiwa Garissa: "Turubai la lori huwa la kijani, Mulki. Hili si lenyewe."

Akachukua mkoba wake akaenda zake. Mulki alibaki na kifurushi mkononi, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Siku hiyo Ruqiya aliingia chumba cha kubadilishia nguo, asitoke. Mulki aligonga.

"Mwanangu, saa inaisha."

"Niko sawa hapa."

"Unaumwa?"

Sauti ikatoka nyuma ya mlango, nyembamba. "Turubai langu umelishona, au kitambaa hakikutosha?"

Mulki aliweka paji la uso kwenye mbao. Alitaka kusema ule ulikuwa mzaha. Alitaka kusema wewe ni mtoto, wewe si kama yule. Akasikia mwenyewe hilo neno la pili lilivyo baya kuliko la kwanza, akarudi langoni. Wiki nzima binti alikwenda shule na kurudi akiwa amefungwa buibui hadi kidevuni, hata ndani ya nyumba, hata mbele ya mamake. Redio ikataja mvua. Mulki akaizima, akaiwasha, akaizima.

Alhamisi alikwenda nyumba za walimu. Zilpah alikuwa akisahihisha madaftari kibarazani. Hakumkaribisha kiti, lakini alisogeza rundo la madaftari, na nafasi ikapatikana.

"Nimekosa," Mulki alisema, kwa Kisomali, maana sasa hakukuwa na haja ya kujificha. "Nilikutukana mbele ya watu, nami nakula matunda ya mikono yako."

"Mapaja yangu nimeyazoea," Zilpah alisema. "Tangu shule ya msingi yanasemwa. Ungeniambia sheria, Mulki, ningevaa kaptula siku hiyo hiyo. Mimi naishi kwenu, sikatai sheria yenu. Lakini hukuniambia sheria. Uliniambia turubai."

"Rudi, Mwalimu. Ruqiya hataki kutoka chumbani."

"Nitarudi. Lakini mimi si dawa yake. Aliyemcheka si mimi." Zilpah alitia alama ya vema kwenye daftari, akafungua jingine. "Wewe huwa huingii majini. Kwa nini?"

Mulki alisema ana kazi ya lango. Zilpah akamtazama tu. Ukweli ni kwamba Mulki amezaa mara saba, na tangu kitinda mimba hajapata kuvua dera mbele ya mtu yeyote, hata dada yake. Tumbo lake hukunjika juu ya kiuno, mikono yake ya juu imelegea. Alikuwa amejishonea vazi la kuogelea kabla ya kumshonea mtu yeyote, akaliweka chini ya kitanda.

Jumamosi mawingu yalishuka chini na upepo ukaleta harufu ya vumbi lililolowa. Zilpah alikuja na kaptula nyeusi hadi magotini juu ya vazi lake la kijani. Mulki alikuwa amekwisha kumwambia Sahara sheria ile ile ya kitovu hadi goti, langoni, mbele ya watu, na Sahara alikuwa amefunga kanga kiunoni, amenuna. Ruqiya aliingia chumbani, akafunga mlango, lakini haukufungika vizuri.

Mulki alilitua kapu la simu. Akavua dera.

Alibaki na kaptula hadi magotini na fulana fupi, mikono wazi, tumbo la juu likionekana lote. Hakujua mikono aiweke wapi.

"Mashallah," alisema Ardo. "Turubai liko wapi leo?"

"Nimeliacha dukani, abaayo," Mulki alisema. "Ni lako ukilitaka."

Hakuna aliyecheka. Mulki akashika chuma cha ngazi, akashuka. Maji yalikuwa baridi kuliko alivyodhani, yakampanda magotini, kiunoni, kifuani, na moyo ukaanza kumdunda vile vile kama siku ya boti. Alitembea kwa vidole, akiukodolea macho ukuta wa mbele ili asitazame chini. Hakujua maji mafupi yanaishia wapi. Miezi miwili alilizunguka lile bwawa, na hilo hakulijua.

"Hooyo! Mama, simama!" Sauti ilitoka chumbani. "Mbele hapo hakuna chini!"

Mguu wa Mulki ulikwisha kwenda. Maji yakamziba mdomo. Zilpah alikuwa majini, hatua moja tu kutoka kwake, amekwisha kunyoosha mkono. Akasikia miguu mitupu ikikimbia juu ya saruji, akaurudisha. Ruqiya alijitupa majini na shati la kulalia alilovaa ndani ya buibui, mapaja nje, kila mtu akimwona. Alipiga mikono mara nne, akamkamata mamake ukosi wa fulana kwa nyuma.

Mulki alimparamia, akamng'ang'ania shingo.

"Usinishike, hooyo," Ruqiya alisema, akitema maji. "Legeza mwili. Lala. Mimi nimekushika."